Kengele ya chumba cha samaki inalia hovyo, nipandishe kiwango?

baridi_ya_Amu: Assalaam aleikum mafundi. Nasimamia chumba cha baridi cha samaki hapa Amu, tunakiweka nyuzi -18. Tumefungiwa PLC mpya (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo) yenye skrini, aliyeifunga karudi kwao na simu hapokei. Kengele niliiweka ilie joto likifika -15. Sasa inalia mashua zikishusha na mlango uko wazi, inalia koili ya kupoza ikiyeyushwa barafu, na usiku inalia, inanyamaza, inalia tena. Vijana wamekifunga king'ora kitambaa. Alhamisi usiku umeme ulikatika, jenereta haikuwaka, king'ora kimya. Tumefungua baada ya swala ya Ijumaa, changu na tasi wa juu wameshalegea. Niweke -10?

fundi_friza_Malindi: Pole sana. -10 utakuwa umeihamisha shida tu, ndugu yangu. Tafuta sehemu ya kuchelewesha: joto likae juu ya -15 dakika 20 ndipo ilie. Kisha uipe pengo la nyuzi 2, yaani ikishalia isizime mpaka irudi -17. Koili ikiyeyushwa, kengele ya joto izuiwe, na nusu saa baada yake.

waya_mbili: Mnazungumzia kelele, mimi nauliza ule ukimya. King'ora kinakula umeme uleule wa kompresa, kitaliaje ukikatika? Relei ya kengele (swichi inayovutwa na umeme) iwe inashikiliwa na umeme siku zote, ukipotea iachie, na king'ora kiendeshwe na betri ya volti 12. Sensa ni ya aina gani? Kama ni ya miliampea 4 hadi 20, yaani inayotuma joto kwa mkondo wa umeme, 4 ikiwa baridi kabisa, waya ukikatika PLC itadhani kuna baridi kali, na kengele ya joto hailii milele.

baridi_ya_Amu: Waya tatu, mbili nyekundu na moja nyeupe. Skrubu zimeota ukijani.

waya_mbili: Hiyo PT100, sensa ambayo ukinzani wake hupanda joto likipanda, afadhali: ikikatika inasoma joto kali. Lakini huo ukijani ni chumvi ya bahari. Kwenye PT100 kila ohm 0.385 ni nyuzi moja, kutu kidogo tu inakudanganya. Itie kwenye kikombe cha barafu iliyopondwa na maji, isome 0. Maji ya chupa, tafadhali, si ya kisima chenu cha chumvi.

mzee_wa_kiwanda: Na hicho kitambaa, mwanangu, kitoe leo. Mlango uwe na taa na mlio mdogo. King'ora kiwe cha jambo la kumtoa mtu kitandani. Mwongozo wa kengele za mitambo wa Uingereza, EEMUA 191, unamkadiria mwendeshaji kengele moja kwa dakika 10, na hiyo ni mitambo mikubwa yenye watu wa zamu. Wewe una vijana wawili na mkeka.

baridi_ya_Amu: Nimeitia kwenye barafu. Imesoma 2.5.

fundi_friza_Malindi: Basi -15 yako ilikuwa -17.5 siku zote! Ndiyo maana ilikuwa ikicheza. Safisha skrubu, upime tena, ndipo uguse setingi.

baridi_ya_Amu: Nimesafisha, inasoma 0.1. Betri naifuata Mokowe kesho.