Robert Owen: wageni elfu 20 kiwandani na barua kwa wafalme, vilizaa nini?

Mdodosi
Wakuu habari za muda huu. Siku hizi nasoma soma habari za Robert Owen, yule mzee wa Wales aliyekuwa na viwanda vya pamba New Lanark kule Scotland, wengi mnamjua kwa mambo ya ushirika. Kinachonishangaza mimi sio kiwanda, ni jinsi huyu jamaa alivyokuwa hatulii. Kati ya 1815 na 1825 watu karibu 20,000 walisaini kitabu cha wageni pale kiwandani, na wakati huohuo mwenyeji mwenyewe yuko njiani, mara Paris, mara Uswisi, mara Washington, na popote akitua anaandika, kwa maaskofu, mawaziri, wabunge, mpaka Tsar wa Urusi. Sasa naomba kujua, hao wageni walikuwa wanafuata nini hasa, na hizo barua za kwa wakubwa kuna hata moja ilizaa kitu? Maana nikiangalia mwisho wake naona pesa iliisha na serikali haikumpa alichoomba. Na kama kuna anayejua barua zenyewe zimehifadhiwa wapi aseme.

Nyuzi_na_Pamba
Mkuu wageni walifuata shule kwanza. Tarehe 1 Januari 1816 alifungua jengo lake la elimu pale, watoto wadogo kabisa wanaachwa wacheze, hakuna kuchapwa, wanajifunza muziki na kucheza dansi, ukutani kuna ramani kubwa na picha za wanyama, enzi hizo mtoto wa mfanyakazi alikuwa anaingia kiwandani akiwa na miaka sita au saba ndugu yangu, kwahiyo kuona hivyo ilikuwa kituko. Halafu kuna kile kibao cha kuning'inia mbele ya kila mfanyakazi, kina pande nne, nyeusi, bluu, njano na nyeupe, upande unaoonekana ndio unaosema jana ulifanyaje kazi, nyeusi ni mbaya nyeupe ni safi sana. Hakuna kugombezwa, bosi anapita tu anaangalia rangi.

Ila kilichowavuta matajiri ni faida. Kiwanda kilinunuliwa kwa paundi 60,000, na pamoja na kupunguza saa za kazi na kukataa watoto chini ya miaka kumi bado kilikuwa kinaingiza hela. Hapo ndipo watu walipokuwa wanachanganyikiwa, ikabidi waje waone wenyewe. Mwaka 1816 akaja hadi Nicholas, ndugu wa Tsar, ambaye baadaye alikuja kuwa Tsar mwenyewe. Owen anasimulia kuwa huyo mgeni alimwambia hamia Urusi, na uje na watu milioni mbili. Jamaa akakataa, biashara ilikuwa inamwendea vizuri.

MpingaSifa
Naona sifa zimezidi humu. Sio kila mgeni aliondoka anapiga makofi. Mshairi Robert Southey alipita pale Septemba 1819 akiwa na injinia Thomas Telford, akaandika kwenye shajara yake kwamba Owen ni muungwana lakini anajidanganya, kwamba mahali pale hapana tofauti kubwa na shamba la watumwa isipokuwa watu wake ni weupe na sheria inawaruhusu kuondoka. Watoto waliokuwa wanapangwa mistari na kuchezeshwa mbele ya wageni aliwaona kama vinyago vinavyozungushwa na gurudumu la maji. Na hapo hajagusia kwamba pamba yenyewe sehemu kubwa ilitoka kwa watumwa wa kweli ng'ambo ya bahari. Mimi Southey simpendi, wakati huo alishakuwa mtu wa watawala kabisa, ila hapo alitumia macho. Fikiria wewe ni binti wa miaka kumi, kila siku wanaletwa watu wa makoti kukuangalia ukicheza. Nani alimuuliza?

Mdodosi
@MpingaSifa hiyo ya Southey sikuwa naijua, asante. Bado nasubiri ya barua.

Kabatini
Barua sasa. Aliyempatia kichekesho cha mwaka ni Tsar Alexander. 1818 Owen yuko Ulaya, anataka wakubwa waliokuwa wanaelekea kwenye mkutano wa mataifa makubwa ya Ulaya kule Aix-la-Chapelle wasome mapendekezo yake kuhusu wafanyakazi. Akamvizia Tsar akitoka hotelini Frankfurt, akamnyooshea makaratasi. Tsar kavaa nguo za kubana, akamjibu sina mfuko wa kuiweka, wewe nani? Robert Owen. Basi njoo jioni mahali fulani. Owen hakupenda alivyoongeleshwa, hakwenda! Yaani umesafiri nchi ngapi kumtafuta mtu, kakuita, unasusa. Ikabidi Lord Castlereagh, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, ndiye ayafikishe mkutanoni, na yakaishia hukohuko.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alifanya kampeni ambayo mimi naona ndiyo kubwa kuliko zote. Agosti 1817 alitoa barua na hotuba zake magazetini, halafu akanunua magazeti hayohayo kwa maelfu na kuyatuma kwa mapadri wa kila parokia, wabunge, mahakimu. Kipindi hicho gazeti lililolipiwa ushuru wa stempu lilikuwa linabebwa na posta bila malipo mengine, kwahiyo alijua anachofanya. Anasema mwenyewe siku moja magari ya posta ya London yalichelewa kuondoka dakika 20 kwa uzito wa magazeti yake. Miezi miwili ilimla paundi 4,000. Halafu katikati ya moto huohuo akasimama ukumbini City of London Tavern akazishambulia dini zote hadharani, marafiki wakubwa wakaanza kumkwepa mmojammoja.

Nyuzi_na_Pamba
Lakini jamani tusiseme hakuna kilichozaa. Kuna ziara moja mnaisahau. 1815 alimchukua mwanae Robert Dale, kijana wa miaka 13 au 14 hivi, wakazunguka viwanda vikubwa vya Uingereza na Scotland kukusanya ushahidi wa hali ya watoto. Hakuna mfalme hapo, ni kuhesabu saa za kazi na kuangalia watoto wanavyoonekana. Ule ushahidi ndio uliosukuma mswada wa mbunge Robert Peel mkubwa (baba wa yule waziri mkuu), ikatoka sheria ya 1819, mtoto chini ya miaka 9 asiajiriwe kiwanda cha pamba, chini ya 16 asizidi saa 12.

MpingaSifa
Sheria isiyo na wakaguzi hiyo. Wakaguzi wa kulipwa wameletwa 1833. Na Owen alitaka miaka 10 na viwanda vyote vya nyuzi na nguo, sio pamba tu, wakaikata kata mpaka hakuitambua.

Bibi wa Nyaraka
Wajukuu zangu nimefika. Barua nyingi ziko Manchester kwenye hifadhi ya nyaraka za ushirika, karibu 3,000, na nyingi ni za uzeeni kwake. Msitegemee kukuta saini za wafalme. Wanaomwandikia wengi ni watu wa kawaida, mwalimu anaomba kazi, mtu wa chama kidogo anauliza watagawaje faida, mwingine anataka ushauri wa kuanzisha kijiji cha kuishi pamoja. Na kabla ya 1840 aliyekuwa analipia barua kwa kawaida ni anayepokea, bei kwa umbali na idadi ya karatasi, ndio maana utakuta mtu kajaza ukurasa halafu kaugeuza kaandika tena kukatiza juu ya mistari ileile. Kuzisoma ni adhabu.

Cha ajabu hao wadogo yeye aliwadharau kidogo. 1836 alikuta vyama vya maduka ya ushirika Carlisle vinapata faida, akaandika kwa ukali kwamba watu waache kudhani huo ndio mfumo anaouhubiri. Miaka minane baadaye wafumaji wa mji wa Rochdale, Uingereza, wakafungua duka lao la ushirika, na ni hilo lililoenea duniani, sio vijiji vyake. New Harmony, kijiji chake cha kuishi pamoja kule Marekani, aliinunua 1825, mwaka huohuo akahutubia bungeni Washington mara mbili na Rais yupo anasikiliza, na kufika 1827 kijiji kimeshasambaratika. Mkewe Caroline alibaki Scotland na mabinti, akafariki 1831, kwa hizo safari huyo mama simsikii akitajwa humu.

Kabatini
Bibi umesahau zile za mwisho 😂 kuanzia 1853 mzee akaanza kuwasiliana na wafu kupitia mwanamke mmoja Mmarekani, akawa anapata ujumbe kutoka kwa Jefferson, Franklin na Duke wa Kent, baba yake Malkia Victoria.

Bibi wa Nyaraka
Sijasahau, nimemstahi. Ila Duke alipokuwa hai alimtuma daktari wake Macnab kukagua New Lanark, akarudi na ripoti nzuri. Duke akakopa na hela kwa Owen.

Mdodosi
Kumbe Duke alikuwa na deni, ndio maana akirudi anarudi na adabu 😂 Asanteni wakuu, naanza na hizo za Manchester.