Golf 7 yenye handbreki ya umeme: je, pedi za breki za nyuma hubadilishwa bila mashine ya kompyuta?

MkaaziWaNakuru:

Ndugu mafundi na wenye magari, habari zenu. Nina Volkswagen Golf 7 ya mwaka 2015, yenye gia otomatiki na handbreki ya umeme, ile inayofungwa kwa kuvuta swichi ndogo iliyo kando ya gia. Nilipofungua gurudumu la nyuma kulia nilikuta pedi ya ndani imeliwa hadi milimita 3 hivi, ilhali ya nje bado ni nene. Nimekwisha kununua pedi mpya za nyuma pale Kirinyaga Road nilipokuwa Nairobi.

Fundi wa hapa mtaani ameniambia kwamba kazi hii ni ya nusu saa, na kwamba atairudisha pistoni kwa klampu kama anavyofanya kwenye magari mengine. Nilisita, kwa sababu nyuma ya kalipa, kile chuma chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski, nimeona mota ndogo yenye plagi ya nyaya, na sielewi itakuwaje pistoni ikisukumwa huku mota hiyo ikiwa imeshaifunga. Ninacho kile kifaa kidogo cha bluetooth cha kusoma makosa ya injini kwa simu. Je, kinatosha? Kama hakitoshi, ipo njia salama ya kuifanya kazi hii bila mashine? Na je, diski nazo zibadilishwe, maana zimefanya ukingo kidogo pembezoni?

Spana13 (Mombasa):

Kaka, umefanya vyema kusita, na ninakuomba usimruhusu mtu yeyote aiguse pistoni hiyo kwa klampu kabla hujasoma maelezo haya hadi mwisho.

Ndani ya pistoni ya nyuma ya Golf yako kuna nati inayotembea juu ya parafujo. Ukivuta swichi, mota huizungusha parafujo kupitia gia zake, nati husogea mbele na kuisukuma pistoni, na pedi hubana diski. Kompyuta ya breki huupima umeme unaovutwa na mota. Umeme ukipanda kufikia kiwango fulani, kompyuta hujua kwamba pedi zimebana vya kutosha na huisimamisha mota. Ukiachilia handbreki, nati hurudi nyuma kidogo tu, kiasi cha kuiachia diski izunguke. Kwa hiyo pistoni unayotaka kuirudisha ina nati karibu kabisa nyuma yake. Klampu ikikazwa, nguvu yote huishia kwenye nati, parafujo na gia za mota.

Dawa yake ni kuiamuru kompyuta iirudishe nati hadi mwisho, na hali hiyo ndiyo huitwa hali ya kubadilisha pedi. Kifaa chako cha bluetooth, kama kinasoma makosa ya injini peke yake, hakitoshi, kwa kuwa unahitaji kifaa kinachoweza kuzungumza na hiyo kompyuta ya breki (ABS) na kuipa amri. VCDS hufanya hivyo, na OBDeleven pia. Huna haja ya kununua. Mafundi umeme wengi wa magari ya Kijerumani wanavyo, na watakuja ulipo kwa malipo ya kawaida ya kupima gari.

Liegeshe gari kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, gia iwe P, na uweke kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa sababu ukishaingia katika hali hiyo breki za nyuma hazitashika chochote. Betri iwe imejaa, na ikiwezekana iunganishwe na chaja, maana umeme ukishuka katikati ya amri kompyuta huikatiza. Amri ikitolewa utasikia mota zote mbili zikinguruma kwa sekunde chache, kisha kimya. Hapo zima swichi ya gari, weka ufunguo mfukoni mwako, na mtu yeyote asivute swichi ya handbreki wakati kalipa ziko wazi, kwani pistoni inaweza kusukumwa nje.

Sasa ndipo pistoni husukumwa, tena moja kwa moja na polepole. Usiizungushe. Mafundi wengi wamezoea kalipa za handbreki ya waya, ambazo pistoni yake huzungushwa huku ikisukumwa, nao huleta mazoea hayo hapa. Tazama pia chombo cha oili ya breki, kwa sababu oili hupanda pistoni inaporudi, na ikimwagika hubambua rangi ya gari.

Pedi ya ndani kuliwa kuliko ya nje ni jambo ninalotaka ulishughulikie kwa makini, maana mara nyingi ni dalili kwamba pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekauka au zimeshika kutu. Huku kwetu, kwa chumvi ya baharini, ninaziona kila wiki. Zitoe, zifute, uzipake grisi maalumu ya breki, si ile ya bearingi, na sehemu pedi zinapokaa usugue kwa brashi ya waya. Tafadhali fundi asioshe mipira ya kalipa kwa petroli wala dizeli. Mpira huo huvimba na baadaye pistoni hukwama. Boliti za kalipa za gari hili hujifunga zenyewe na hutakiwa ziwe mpya kila zinapofunguliwa.

Kuhusu diski, zipime kwa kalipa ya kupimia. Unene wa chini kabisa huandikwa kwenye diski yenyewe, na kama umefikiwa, badilisha zote mbili.

BintiWaGereji (Dar es Salaam):

Naongezea kuhusu njia zisizo na mashine, kwa sababu ukiuliza mtaani utaambiwa mbili. Ya kwanza ni kuifungua mota na kuizungusha parafujo kwa mkono kwa spana ya nyota. Inawezekana, ila kompyuta haitajua nati iko wapi, na sili ya mota ikikaa vibaya maji yataingia. Ya pili ni kuipa mota umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, na hiyo naipinga kabisa: hakuna kinachoupima umeme huo, hivyo nati hukimbia hadi mwisho na kujikaza huko.

Niliwahi kuletewa Passat ambayo klampu ilikuwa imekazwa kwa nguvu. Pistoni iliingia nusu ikakataa, wakaendelea kukaza. Nilipoifungua mota, meno ya gia ya plastiki yalikuwa yamekatika, mengine yamelala kwenye grisi kama chenga za mchele. Mwenye gari alinunua kalipa nzima pamoja na mota yake, kwa gharama iliyozidi sana ile ya kumwita fundi mwenye mashine.

MkaaziWaNakuru:

Nawashukuru sana nyote wawili. Jana nilimwita fundi umeme mwenye VCDS na tukafuata kila hatua. Pini ya chini ya upande wa kulia ilikuwa imekauka kabisa, tukaitoa kwa kuigonga polepole. Pistoni ziliingia kwa urahisi. Hata hivyo, tulipomaliza, amri ya kufunga hali ya kubadilisha pedi ilikubali upande wa kushoto tu, na taa ya njano ya handbreki imebaki ikiwaka.

Spana13 (Mombasa):

Usiendeshe kwanza. Kanyaga pedali ya breki mara nyingi hadi iwe ngumu, ili pistoni zisogee na kuzigusa pedi. Baada ya hapo kagua plagi ya mota ya kulia, kisha rudia amri hiyo chaja ikiwa imeunganishwa. Ikikubali, funga na ufungue handbreki mara tatu au nne, ukisikiliza kama pande zote mbili zinafanya kazi. Ukianza kuendesha, kilomita 200 za mwanzo uepuke kukanyaga breki kwa ghafla pasipo lazima, kwani pedi mpya hazijashika sawasawa.

MkaaziWaNakuru:

Ilikuwa plagi. Ilionekana imeingia, lakini kikufuli chake kidogo kilikuwa hakijabana. Nimeisukuma hadi ikalia, tukarudia amri, na taa imezimika. Leo nimepanda mteremko wa nyumbani, nikasimama katikati na kuvuta swichi, gari likatulia bila kusogea.