Kaka amefia melini, wakala anataka mjane atie saini. Tufanyeje?

Bint_Likoni: Hamjambo. Kaka yangu alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo ya bendera ya Panama. Walipokuwa wakifunga ngama alianguka ndani, akafa papo hapo. Maiti aliletwa Mombasa, tumeshazika. Sasa wakala aliyempeleka kazini kaja na hundi na karatasi ya Kiingereza: wifi akisaini, familia haitadai tena. Wifi yuko edani na kodi ya nyumba imefika. Apokee?

Serangi_Mstaafu: Poleni, mwanangu, Mungu amrehemu. Asisaini hiyo! Tafuteni kwanza mkataba wake wa kazi, kwani fidia ya kifo huandikwa humo. Kenya na Panama zote zimeridhia MLC, mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006. Tangu 2017, mwenye meli lazima awe na dhamana ya kulipa kifo, na hati yake hubandikwa melini ikiwa na jina la bima. Bima hiyo mnaweza kuidai moja kwa moja. Tena ni marufuku kuwashinikiza mpokee pungufu ya kilichomo mkatabani.

Kuli_Kilindini: Si waende WIBA tu, sheria ya Kenya ya fidia kwa walioumia au kufa kazini? Ni mapato ya miezi 96.

Serangi_Mstaafu: Hiyo yakufaa wewe wa gatini, mwajiri wako yuko hapa. Dai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya miezi 12 tangu kifo, na njia ya kumshtaki mwajiri kortini, Mahakama ya Juu ilishaifunga 2019. Wa meli ya nje, kwanza jueni mwajiri ni nani. Wakala mara nyingi si yeye.

MamaZai: Na barua ya usimamizi wa mirathi, shoga. Sisi tulienda kwa Kadhi tumechelewa, kila ofisi ikaturudisha.

Bint_Likoni: Wakala asema hundi haitoki bila saini.

Serangi_Mstaafu: Saini ya kupokea pesa haina neno, ya kuacha haki ndiyo mbaya. MLC ina mfano wake wa stakabadhi: mjane anapokea pesa za mkataba, na haki ya kudai kwa uzembe inabaki. Mwambie alete hiyo. Akikataa, mkaguzi wa ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi, yupo hapo Mombasa, hatozi. Mpelekeeni mkataba, cheti cha kifo na hiyo karatasi yao, msiirudishe.