Acheni kuita kila wimbo uliogusa Hot 100 "wimbo uliotamba"

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha. Wiki iliyopita mtangazaji wa kipindi kimoja cha muziki redioni alisoma orodha ya wasanii wenye nyimbo nyingi zilizotamba katika historia ya Hot 100, chati ya kila wiki ya nyimbo inayotolewa na jarida la Billboard la Marekani, akamweka rapa Drake juu kabisa kwa nyimbo zaidi ya 300, akamtaja Elvis Presley kama mzee aliyeachwa mbali, na The Beatles hakuwataja kabisa kwa sababu kwa hesabu ile hawakufika hata kumi bora. Nilipiga simu studio kuuliza ni kigezo gani kilichotumika. Nilijibiwa kwamba namba hazidanganyi, na simu ikakatwa.

Namba zile ni za kweli, hilo silipingi. Kinachonikera ni jina zilizopewa. Hot 100 ya Billboard ina nafasi 100, na aliyepanga orodha ile amehesabu kila wimbo uliowahi kuonekana popote ndani yake, hata ule ulioingia nafasi ya 97, ukakaa wiki moja na kutoweka bila mtu kuukumbuka. Huko ni kuingia kwenye chati. Wimbo uliotamba ni ule uliopanda, ukapigwa mpaka watu wasioufuatilia muziki wakaujua kwa kuusikia tu. Mambo haya mawili hayafanani, na mtu anayeshika maikrofoni mbele ya maelfu ya wasikilizaji anapaswa kujua tofauti yake.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni waigizaji wa Glee, tamthilia ya muziki ya televisheni ya Marekani. Kila kipindi kiliporushwa, nyimbo walizoimba ndani yake, nyingi zikiwa za wasanii wengine, ziliuzwa mtandaoni, mashabiki wakazipakua kwa wingi, zikaingia chati, na wiki iliyofuata nyingi zikawa zimeshatoka kuzipisha za kipindi kipya. Mwezi Februari 2011 walimpita Elvis kwa idadi ya nyimbo zilizoingia, na hatimaye walifikisha 207. Hakuna hata mmoja kati ya nyimbo hizo 207 uliofika namba moja. Je, kuna mtu hapa aliye tayari kusema kwa dhati kwamba waigizaji wale walitamba kuliko Elvis, tena karibu mara mbili? Rekodi yao ilidumu mpaka Machi 2020, Drake alipoivuka, na hapo ndipo watu wengi walipoanza kusambaza orodha hii kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni.

Tena Elvis mwenyewe anapunjwa kabla hesabu haijaanza. Hot 100 ilianza Agosti 1958, wakati yeye alikuwa ameitikisa Marekani tangu 1956. Heartbreak Hotel, Hound Dog, Don't Be Cruel na Jailhouse Rock zote zilitangulia chati hiyo, kwa hiyo katika orodha ya mtangazaji wetu ni kama hazikuwahi kuimbwa. Lazima niwe mkweli upande wa pili pia: enzi zake, pande mbili za santuri ziliweza kuorodheshwa kila mmoja kwa nafasi yake, utaratibu uliobadilishwa mwishoni mwa 1969, na jambo hilo lilimwongezea idadi. Ninalitaja kwa sababu linathibitisha hoja yangu. Kila kizazi kimehesabiwa kwa mizani yake, na anayejumlisha vyote pamoja bila kusema lolote anawapotosha watu.

Kuna kanuni nyingine ambayo watu wa orodha hizi hawaigusi kamwe, nayo ndiyo inayoniumiza zaidi. Mpaka Desemba 1998, wimbo haukuruhusiwa kuingia Hot 100 kama haukuwa umeuzwa madukani kama singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake nje ya albamu. Haikujalisha redio ziliupiga mara ngapi. Don't Speak ya No Doubt iliongoza chati ya redio za Marekani kwa wiki 16, lakini katika Hot 100 haimo, kwa kuwa kampuni yao haikutoa singo ili watu walazimike kununua albamu nzima. Iris ya Goo Goo Dolls iliongoza redioni kwa wiki 18, na kanuni ilipobadilishwa ikaingia Hot 100 ikiwa imeshachoka na kuishia nafasi ya 9. Stairway to Heaven ya Led Zeppelin, wimbo ambao hata asiyependa gitaa ameusikia, haikuuzwa kama singo Marekani, hivyo kwa hesabu ya wenzetu hawa ina thamani sifuri, wakati wimbo wa kumi na tisa wa albamu yoyote iliyotoka juzi una thamani ya moja.

Narudia makusudi: wimbo wa kumi na tisa wa albamu. Siku hizi msikilizaji akiifungua albamu mtandaoni na kuiacha icheze mpaka mwisho, kila wimbo ndani yake unahesabiwa peke yake. Septemba 2021 Drake alitoa albamu yenye nyimbo 21, na zote 21 zikaingia Hot 100 kwa mpigo, tisa zikiwa ndani ya kumi bora. Taylor Swift alizitwaa nafasi zote kumi za juu mwaka 2022, na mwaka 2024 akazishika 14 za kwanza kwa pamoja. Ni mafanikio makubwa, na sina ugomvi wowote na wasanii hao; hawakuziandika kanuni. Lakini walinganisheni na tarehe 4 Aprili 1964, The Beatles waliposhika nafasi tano za juu. Kila moja ya nyimbo zile tano ilikuwa singo iliyouzwa peke yake, na aliyeipenda ilibidi atoe fedha kwa ajili ya wimbo huo, kisha arudi dukani kwa ajili ya mwingine. Aliyenunua albamu yao nzima hakuziongezea nyimbo zake hata pointi moja kwenye Hot 100.

Halafu kuna suala la kushirikishwa. Msanii akiimba beti moja kwenye wimbo wa mwenzake, na jina lake likaandikwa, wimbo huo unaingia kwenye jumla yake sawasawa na ule aliouimba mwanzo hadi mwisho. Sehemu kubwa ya idadi ya Drake na rapa mwenzake Lil Wayne imetokana na kolabo za namna hiyo. Mtangazaji hakulisema hilo pia.

Wanaodai kwamba haya hayaepukiki waitazame Uingereza. Machi 2017 Ed Sheeran alijaza nafasi 16 kati ya 20 za juu kwa albamu moja, na miezi michache baadaye wasimamizi wa chati ya kule wakaweka kikomo cha nyimbo tatu kwa msanii mkuu mmoja kwa wakati mmoja. Waliona chati ya singo imegeuka kuwa orodha ya yaliyomo kwenye albamu, wakachukua hatua. Mtu anaweza kubishana na idadi yenyewe, mimi mwenyewe ningewapa nne au tano, lakini angalau walikiri kwamba tatizo lipo.

Ninachodai si kikubwa. Anayesoma au kusambaza orodha ya namna hii aseme wazi kwamba ni idadi ya nyimbo zilizoingia chati, aseme kama kolabo zimo, na kando yake aweke idadi ya nyimbo zilizofika kumi bora na zilizofika namba moja. Hapo msikilizaji ataona kwamba The Beatles walifikisha namba moja 20 kati ya Februari 1964 na Juni 1970, kwamba Mariah Carey ana 19, na kwamba Madonna aliziingiza nyimbo 38 kwenye kumi bora akiwa amefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo katika zama za kuuza singo mojamoja. Ataona pia kwamba Drake alimpita Madonna kwenye kumi bora mwaka 2020, na hiyo ni sifa yake halali ambayo haihitaji kupambwa kwa nyimbo za nafasi ya 97.

Kama kuna mwanajukwaa aliyewahi kupanga wasanii hawa kwa jumla ya wiki walizokaa ndani ya kumi bora, huku akitenganisha kipindi cha kabla na baada ya Desemba 1998, naomba aiweke orodha yake hapa. Nitaichapisha na kuipeleka studio kwa mkono wangu.