Mjadala: Wanawake na uwanja wa Idi, ni nani aliyewaondoa?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Kila Idi inapokaribia, huzuka katika misikiti yetu ya mwambao ubishi uleule: je, wanawake watoke kwenda kusali sala ya Idi, au heshima yao ni kubaki nyumbani? Naweka msimamo wangu wazi tangu mwanzo ili atakayenipinga ajue anachokipinga. Kuwatoa wanawake kwenda uwanja wa Idi ni amri ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe, na kamati ya msikiti isiyowaandalia mahali inawanyima haki yao, hata ikidai kwamba inawastahi.

Tuanze na Umm Atiyya, mwanamke wa Kiansari. Bukhari na Muslim, wakusanyaji wakuu wa hadithi, wote wawili wamepokea kutoka kwake kwamba Mtume aliamrisha watolewe katika Idi mbili wanawali, wanawake wakaao ndani, na hata wenye hedhi, ila wenye hedhi wajitenge na mahali pa kusalia, washuhudie kheri na dua ya Waislamu. Alipoulizwa juu ya mwanamke asiye na jilbabu, yaani vazi pana la kujistiri, alijibu kwamba mwenzake amvike jilbabu yake. Kama hoja ya stara ingekuwa na nguvu ya kumbakisha mwanamke nyumbani, ingekuwa na nguvu hapo, kwa kuwa huyo hakuwa hata na vazi la kutokea; na bado jibu lilikuwa aazimwe nguo, atoke. Mwenye hedhi naye hasali, basi hawezi kusemwa kwamba ametolewa kwa ajili ya rakaa mbili. Ametolewa kwa sababu siku ile ni ya umma, naye ni katika umma.

Kinachonigusa zaidi ni njia ambayo hadithi hii imetufikia. Hafsa bint Sirin wa Basra anasimulia kwamba wao walikuwa wakiwazuia wasichana wao kutoka siku za Idi, mpaka akaja mwanamke mgeni, akashukia katika kasri ya Bani Khalaf, akawaeleza habari za dada yake aliyehudhuria vita sita pamoja na mumewe akiwatibu majeruhi, ambaye ndiye aliyemuuliza Mtume suala lile la jilbabu. Umm Atiyya alipofika, Hafsa alimwendea kuhakikisha, naye akastaajabu: hata wenye hedhi? Akajibiwa: kwani hawahudhurii Arafa wakati wa Hija? Tazameni, basi, kwamba desturi ya kuwafungia wanawake siku ya Idi ilikwishaingia Basra katika kizazi kilichowafuata Masahaba, na walioichunguza kwa kuirejesha kwenye sunna walikuwa wanawake wenyewe.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kauli ya Bibi Aisha (r.a.), kwamba lau Mtume angeyaona waliyoyazua wanawake baada yake, angewazuia misikiti kama walivyozuiwa wanawake wa Bani Israili. Kauli hiyo ni sahihi, na sitaki kuipuuza. Lakini imejengwa juu ya "lau": Mtume hakuyaona, hakuzuia, na Bibi Aisha mwenyewe hakutoa amri ya kuwazuia. Ibn Hazm, mwanazuoni wa Andalusia, aliongeza kwamba Mwenyezi Mungu aliyajua yatakayozuka na hata hivyo hakuteremsha katazo. Fitna inayohofiwa ina dawa yake katika sunna hiyohiyo: Umm Salama, mke wa Mtume, amepokea kwamba Mtume alikuwa akitoa salamu hukaa kidogo mahali pake, nao wanawake husimama wakaondoka kabla ya wanaume kuwafikia. Utaratibu wa namna hiyo unawezekana katika uwanja wowote wenye njia mbili.

Hoja ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito, ni ya madhehebu. Wengi wetu huku pwani ni Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, na ni kweli kwamba wanazuoni wa madhehebu yetu, akiwemo Imam Nawawi, wamechukia kutoka kwa wasichana na wanawake wanaovutia macho. Hata hivyo, Imam Shafi mwenyewe ameandika katika kitabu chake al-Umm kwamba anapenda wanawake wazee na wasio na mapambo wahudhurie sala na Idi, na kwamba kuhudhuria kwao Idi anakupenda zaidi kuliko kuhudhuria kwao sala nyingine za faradhi. Sasa nawauliza wanaotutajia madhehebu: bibi wa miaka sabini ametengewa wapi katika uwanja wenu? Mahali pengi hana hata mkeka. Anayefunga mlango kwa wote kisha akamtaja Imam Shafi anaisimamia mila, na ni vyema akiri hivyo.

Nagusia Maulidi kwa ufupi, maana najua yataletwa. Wako wanaoyaona ni bidaa, na wako wanaoyatetea kama alivyoyatetea mwanazuoni Suyuti. Sitaki ugomvi huo utumeze. Ninachokiona ni kwamba katika mitaa yetu wanawake husoma Barzanji, kisomo cha Maulidi, na kuhudhuria Maulidi bila ya mtu kuwauliza kuhusu fitna, ilhali Idi, ambayo hakuna Mwislamu anayebishana juu ya asili yake, huipitisha jikoni wakipika pilau la wanaotoka kusali.

Tena kuwapa mahali hakutoshi ikiwa hotuba haiwafikii. Sahaba Ibn Abbas amepokea kwamba Mtume, alipoona kuwa hakuwasikilizisha wanawake, aliwaendea akiwa na Bilali, akawawaidhi na kuwaamrisha sadaka, nao wakawa wakitupa pete na herini zao katika nguo ya Bilali. Ata bin Abi Rabah, mwanazuoni wa kizazi kilichowafuata Masahaba, aliulizwa baadaye kama imamu anapaswa kufanya hivyo, akajibu kwamba hiyo ni haki juu ya maimamu, na wana nini hata wasifanye? Kwa hiyo naiomba kila kamati itenge eneo lenye pazia, njia yake, maji ya udhu na kipaza sauti kinachosikika, na itangaze mapema kwamba wanawake wanakaribishwa. Atakayenijibu naomba anieleze kwanza ni dalili gani iliyoifuta amri aliyoipokea Umm Atiyya.