Binti yangu amejinyima chakula ili apungue: nianzie wapi?

Mama Fundi, Uyole
Wakubwa, shikamooni. Mimi ni fundi cherehani hapa Mbeya, na nina binti wa miaka 15 aliye kidato cha pili. Kwa wiki kadhaa futi yangu ya kupimia nguo ilikuwa ikipotea kila asubuhi, hadi nilipoikuta chini ya mto wake, ikiwa na alama ya kalamu kwenye sentimita 64. Asubuhi anakunywa chai kavu. Viazi vya mchana anasema amekula, kumbe huwamwagia kuku. Kuna jambo linanichoma: nilipokuwa nikimpimia gauni la harusi, shangazi yake alisema kitambaa cha huyu kingetosha watu wawili, nami nikacheka. Nizungumze naye vipi?

Mkulima, Mafinga
Mwache. Njaa itamrudisha mezani.

Muuguzi Mstaafu, Tukuyu
Marahaba, mwanangu. Mkulima, kwa heshima zote, njaa ya namna hii mtu huizoea, kisha huanza kuionea fahari. Katika balehe mwili wa msichana huongeza mafuta na nyonga hutanuka kwa sababu ndivyo unavyokua, kwa hiyo asipimwe kwa viwango vya uzito vya watu wazima. Kliniki hulinganisha uzito na urefu wake kwa kuzingatia umri. Muulize faraghani kama hedhi inakuja. Ikiwa imekoma, au anazimia, anajitapisha au anakonda haraka, mpeleke kituo cha afya bila kungoja likizo. Damu ya kila mwezi humpunguzia madini ya chuma, ambayo atayapata kwenye maharage, dagaa na nyama. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo yasifyonzwe vizuri, basi ikae kando, na chungwa lije mezani. Ajabu ni kwamba huku Rungwe tunapakia maparachichi kwenda nje, halafu mabinti zetu wanaambiana kuwa yananenepesha.

Binti wa Iringa
Mama, nami nilipita huko. Picha za simu zilizorekebishwa viuno zilichangia, lakini maneno ya nyumbani ndiyo yaliyokaa, maana kila mgeni aliusalimu mwili wangu kabla hajanisalimu mimi. Hata niliposifiwa kwamba nimepungua nimependeza, nilizidi kujinyima. Kilichonisaidia ni mama kuniomba radhi na kuacha kabisa kuzungumzia miili, wangu na wake, tukawa tunakula sinia moja bila yeye kuhesabu matonge yangu.

Mama Fundi, Uyole
Ahsanteni sana. Jana nilimwomba radhi. Hakujibu, aliendelea kumenya ndizi. Shangazi nimempigia simu, amenuna, na anune. Leo nimempima gauni upya, nikaandika vipimo bila kuvitamka, na nimeacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono. Amesema hedhi ina miezi miwili haijaja. Kesho sifungui cherehani, tunakwenda kliniki.