Mrejesho: hitilafu ya 502 kwenye Nginx imekwisha

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini seva yangu ya Nginx (programu inayohudumia kurasa za wavuti) ilikuwa ikitoa hitilafu ya 502, yaani haikupata jibu sahihi kutoka kwa programu iliyo nyuma yake, kwa kila ukurasa ulioandikwa kwa lugha ya PHP, ilhali picha zilifunguka bila shida. Nawashukuru kwa dhati mlionihimiza nisome error.log, faili la kumbukumbu za hitilafu, kabla ya kuwasha seva upya, kwani jibu lilikuwa humo: Nginx ilikuwa ikitafuta soketi (njia ya kuwasiliana na PHP-FPM, programu inayoendesha PHP) ya /run/php/php8.1-fpm.sock, ambayo haikuwepo tena baada ya mimi kuhamia PHP 8.2. Nilirekebisha mstari wa fastcgi_pass, unaoiambia Nginx pa kupeleka maombi ya PHP, uelekee php8.2-fpm.sock, nikakagua usanidi kwa amri ya nginx -t, kisha nikaupakia upya, na kurasa zote zikafunguka. Kuongeza muda wa kusubiri, kama nilivyokuwa nimeanza kufanya, kusingesaidia kitu, maana hiyo ni tiba ya 504, hitilafu ya jibu kuchelewa mno.